Uingereza, mjamzito mwenye VVU si lazima apasuliwe

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba Uingereza kila mjamzito mwenye VVU hupasuliwa, la sivyo mtoto ataambukizwa. Si kweli. Kinachoangaliwa ni wingi wa virusi kwenye damu: ukiwa chini ya nakala 50 kwa mililita kufikia wiki ya 36, mama hushauriwa kujifungua kwa njia ya kawaida, labda kuwe na sababu nyingine ya uzazi. Kwa ARV, maambukizi kwa mtoto huko ni chini ya asilimia 1.

Dhana hii ina chimbuko. Miaka ya 1990, dawa zikiwa bado hafifu, upasuaji uliopangwa kweli ulikinga watoto.

Mwongozo wa matibabu uko wazi mtandaoni. Mkunga naye atakusomea kipimo chako. Ujumbe huo usiusambaze: mjamzito akiogopa kisu, huenda akakwepa kliniki.