Hisa Moja ya Mgeni Inatosha

"Tutanunua kwa jina la kampuni." Mteja mwingine akiniambia hivyo, nitabandika Kifungu cha 65 cha Katiba, kile cha wageni kumiliki ardhi, mlangoni mwa ofisi yangu ya uwakili hapa Nakuru. Aghalabu ni mke Mkenya na mume mgeni waliopenda nyumba ya walowezi kule Njoro au Subukia: kuta za mawe, meko sebuleni, ekari kadhaa za malisho. Dalali keshawahakikishia kwamba kampuni ikisajiliwa Kenya, basi ni raia wa Kenya.

Si kweli! Mbele ya Katiba, kampuni ni raia pale tu hisa zake zote zinapomilikiwa na raia. Mke akiwa na hisa 500 na mume moja, kampuni nzima ni mgeni, na mgeni hapati ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Ndiyo maana cha kwanza ninachodai ni CR12, hati ya msajili inayoorodhesha wenye hisa, si picha za meko. Halafu kuna wajanja wanaoandika hisa ya mume kwa jina la shemeji "amshikie". Hiyo ni amana, na mali ya amana huhesabiwa ya raia pale tu wanufaika wote wanapokuwa raia.

Zile ekari nazo zina kesi yake. Kwa ardhi ya kilimo, bodi ya ardhi hulazimika kumnyima kibali mnunuzi asiye raia, na hata kampuni binafsi yenye mwanahisa mmoja mgeni, labda Rais atoe msamaha. Bila kibali, mkataba ni batili. Unachobaki nacho ni kudai pesa zako. Kuhamia kwa mkataba wa namna hiyo ni kosa la jinai, kwa hiyo usipeleke hata godoro kabla ya kibali. Ushauri wangu haujabadilika: mke ni Mkenya, shamba liandikwe jina lake peke yake. Waume hununa. Wanune.

"Basi tuende Diani." Nendeni, lakini ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini haziuzwi kwa mgeni bila idhini ya Waziri wa Ardhi.

"Muuzaji ana hati ya kukodi ya miaka 999." Kama ni mgeni, hana. Tangu Katiba ianze kutumika tarehe 27 Agosti 2010 amebaki na 99, na inazidi kupungua.

"Upekuzi wa hati kwenye masjala ya ardhi umetoka safi." Vizuri, sasa tutafute ardhi ilitolewaje mwanzo. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management kuhusu ploti ya Nyali iliyomeza njia ya umma ya kwenda ufuoni, Mahakama ya Juu ilikataa kulinda hati ambayo chimbuko lake lilikuwa haramu.

"Ua wa ploti yetu ya ziwani utafika majini." Naivasha mwaka 2020 maji ndiyo yaliyozifuata nyumba. Ukingo wa ziwa una ukanda wake wa hifadhi.

Na wale wanaotaka niandike bei ndogo kwenye mkataba wapunguze ushuru wa stempu: mthamini wa serikali hukadiria mwenyewe, nanyi mtalipa asilimia 2 mashambani au 4 mjini kwa thamani aliyoiona yeye.