Orangutanu: maana ya kuzaa mara moja kwa miaka saba

Jina limetoka Kimalei: orang ni mtu, hutan ni msitu. Mtu wa msituni. Wenyeji wengi hata hivyo wana majina yao. Waiban wa Sarawak, kisiwani Borneo, humwita maias, na Sumatra ya kaskazini utasikia mawas. Kwenye vitabu vya sayansi jenasi yake ni Pongo, jina linalomchanganya msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa pongo kwetu ni yule mnyama wa vichakani wa jamii ya tandala. Ajabu ni kwamba jina hilo la kisayansi nalo lilitoka Afrika. Andrew Battell, baharia Mwingereza aliyekuwa mateka pande za Angola mwishoni mwa karne ya 16, alisimulia habari za mnyama mkubwa aitwaye Pongo, ambaye kwa dalili zote alikuwa gorila. Baadaye wataalamu wa Ulaya wakalibandika jina kwa mnyama wa Asia, na likaganda hapo.

Orangutanu ndiye sokwe mkubwa pekee aliyebaki Asia. Wenzake wote, yaani gorila, sokwe-mtu na bonobo, ni wa Afrika. Yeye anaishi katika visiwa viwili tu: Borneo, iliyogawanyika kati ya Indonesia, Malaysia na Brunei, na Sumatra, iliyo Indonesia. Spishi zake ni 3. Kuna wa Borneo, kuna wa Sumatra, na kuna wa Tapanuli, aliyetambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2017. Huyu wa mwisho hafiki 800, wote katika msitu wa milimani wa Batang Toru, Sumatra. Makadirio ya mwaka 2016 yaliweka wa Sumatra karibu 14,000 na wa Borneo kama 100,000. Spishi zote 3 zimo katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Msomaji akiona laki moja hupumua. Laki si haba. Lakini idadi hiyo haisemi kitu mpaka ujue mnyama mwenyewe anazaa vipi.

Hesabu ya uzazi

Jike huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Mimba ni miezi 8 na nusu, na mtoto karibu daima ni mmoja. Baada ya hapo hazai tena mpaka ipite miaka 7 au 8; wastani uliopatikana kwenye vituo vilivyofuatilia majike kwa miongo ni miaka 7.6. Hatujui mamalia wa nchi kavu anayekaa zaidi ya hapo kati ya uzazi na uzazi. Tembo, tunayemwona mzito wa kuzaa, huzaa kila miaka 4 au 5.

Chukua mfano wa orangutanu 200, wenye majike wazima 70. Gawa 70 kwa 7.6: watoto 9 kwa mwaka, na nusu yao ndio majike. Hao 4 au 5 ndio watakaokuja, baada ya miaka 15, kuziba nafasi za mama wanaokufa kwa uzee, maradhi na ajali. Mwituni watoto wengi sana hukua salama, na jike anaweza kufika miaka 50, kwa hiyo hesabu inalingana, ila inalingana kwa shida. Akiuawa jike mmoja wa ziada kwa mwaka kati ya kila majike 100, idadi inaanza kushuka.

Na kushuka kwenyewe hakuonekani. Orangutanu wazima wa leo wataendelea kuonekana matawini kwa miaka 20 na zaidi, watalii watapiga picha, na anayepita atasema msitu umejaa. Kinachokosekana ni vijana, na vijana ni vigumu kuona hata pale walipo.

Kwa nini mtoto anakaa na mama muda wote huo

Jibu ni matunda. Orangutanu hula majani, maganda ya ndani ya miti, mchwa na asali, lakini chakula chake hasa ni matunda: jamii ya mikuyu, doriani, mafenesi ya porini, shokishoki. Msomaji wa Unguja au Pemba anaijua orodha hiyo kwa ladha. Tofauti ni kwamba msitu wa kule hauna msimu wa kutegemewa. Miti mikubwa ya jamii ya dipterokapi huweza kukaa miaka kadhaa bila kuzaa, halafu eneo zima likachanua kwa pamoja na matunda yakamwagika kwa wiki chache. Kisha njaa. Kule Gunung Palung, Borneo, mkojo wa orangutanu wakati wa uhaba ulionyesha dalili za mwili unaoyeyusha mafuta yake wenyewe ili uishi.

Kwa hiyo mtoto hana budi kuingiza ramani kichwani: mti upi uko wapi, unaiva lini, unafunguliwaje, na cha kula ni kipi pasipokuwa na tunda. Mfano mzuri ni mti uitwao Neesia. Tunda lake ni gumu kama gogo, nalo likipasuka, mbegu zenye mafuta zimelala katikati ya vinyweleo vinavyowasha na kuchoma ngozi. Katika kinamasi cha Suaq Balimbing, Sumatra, orangutanu huvunja kijiti, hukibandua gome, hukishika kwa meno na kukipitisha kwenye ufa, kwanza kufagia vinyweleo, kisha kuchokoa mbegu. Ng'ambo ya mto, kwenye miti ileile, wapo orangutanu wasiotumia kijiti kabisa. Kwa hiyo ujuzi huo mtoto huupata kwa kumtazama mama, uso kwa uso, sentimita chache kutoka mdomoni mwake.

Baba hahusiki. Dume mzima mwenye vibao vya mashavu na mfuko wa koo hufikia kilo 80 au zaidi, mara mbili ya jike, na huishi peke yake, akipiga mlio mrefu unaosikika kilomita moja na zaidi ndani ya msitu. Wapo pia madume wasioota mashavu kwa miaka mingi ingawa wanaweza kuzalisha. Hili ni jambo la peke yake, na linahitaji makala yake.

Maziwa hayakomi haraka. Uchunguzi wa meno uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha mtoto akirudia kunyonya kila matunda yanapopungua, mpaka baada ya kutimiza miaka 8. Mama hawezi kubeba mimba nyingine huku anaendelea kulipa deni hilo.

Kitanda cha kila jioni

Somo lingine la mama ni kiota, ambacho kwa matumizi ni kitanda. Kila jioni, kwenye saa kumi na moja au kumi na mbili, orangutanu hujenga kipya. Huchagua panda imara ya mti, husimama katikati na kuvuta matawi manene kuelekea kwake, moja baada ya jingine. Hayavunji mpaka yakatengana. Huyapinda mpaka yakatike nusu, kama kijiti kibichi kinavyochanika bila kuachana, kisha huyakunjia ndani na kuyakanyaga yashikane. Hiyo ndiyo chaga ya kitanda. Juu yake huweka vitawi vyembamba, hivi akivikata kabisa, viwe godoro. Wengine huongeza kifungu cha majani mahali pa kichwa, na mvua ikinyesha, matawi ya kujifunika. Kazi nzima haifiki dakika 10, na kiota kinabeba mama na mwanawe.

Mtoto huanza kuchezea matawi akiwa wa mwaka mmoja, akijenga vitu vinavyoporomoka. Makosa yake ni yale ya fundi mwanagenzi: anavunja tawi likaachana, anachagua panda dhaifu, anatandika majani kabla ya chaga.

Kitanda hiki ndicho pia kinachotumika kuhesabu wanyama. Kumwona orangutanu mwenyewe ni bahati, kiota kinakaa. Sokwe-mtu wa magharibi mwa Tanzania huhesabiwa kwa njia hiyohiyo. Watafiti hupita mstari ulionyooka kwa dira, polepole, wakisimama na kugeuka nyuma, maana kiota kilichofichwa na jani ukienda huonekana ukirudisha macho. Kila kiota hupimwa umbali wake kutoka mstarini na kupewa daraja, kuanzia kibichi cha kijani mpaka chaga tupu isiyo na majani.

Kisha hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, viota 60 katika mstari wa kilomita 10, vikionekana hadi mita 15 kila upande. Eneo ni kilomita za mraba 0.3, hivyo viota 200 kwa kilomita moja ya mraba. Gawa kwa vitu vitatu vilivyozidishwa: sehemu ya wanyama wanaojenga (0.9, kwa kuwa wachanga hulala na mama), viota kwa siku kwa mmoja (1.1, kwa kuwa wengine hujenga cha mchana pia), na siku ambazo kiota hudumu (250). Unapata orangutanu 0.8 kwa kilomita ya mraba.

Kosa kubwa hujificha kwenye siku za kudumu. Mti mgumu hushika kiota miezi mingi; mti laini kwenye mvua nyingi hukiangusha upesi. Ukitumia 250 mahali ambapo viota hudumu siku 125, utaandika nusu ya wanyama waliopo. Ukikosea upande wa pili, utatangaza wanyama ambao hawapo. Ndiyo sababu mtafiti makini hakopi namba ya msitu mwingine; huweka alama viota vipya na kurudi kuvitazama mpaka vitoweke. Anayekuja na idadi bila kusema alitumia siku ngapi, mwulize kwanza.

Kinachowamaliza

Mashamba ya michikichi ndiyo hutajwa kwanza, na kwa haki. Mti huu ni wa Afrika. Miche minne ilipandwa Bogor, Java, mwaka 1848, na mtu wa Kigoma anayepika kwa mawese angeutambua mara moja. Tatizo ni msitu wa tambarare unaofyekwa kuupisha, maana tambarare ndiko kwenye matunda. Orangutanu aliyebaki kwenye kipande cha msitu huingia shambani na kung'oa miche michanga ale moyo wake. Mwenye shamba anaona hasara. Jike akiuawa, mtoto hung'olewa kifuani na kuuzwa, ingawa sheria inakataza. Kwa kila mtoto wa kufugwa, kwa kawaida kuna mama aliyekufa.

Moto ni wa aina yake. Sehemu kubwa ya makazi ya Borneo ni kinamasi ambacho udongo wake ni majani na magogo yaliyooza nusu, kina cha mita kadhaa. Kikiwa kimeloa hakishiki moto. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Indonesia ilianzisha mradi wa kugeuza hekta milioni moja za Kalimantan ya Kati, upande wa Borneo ulio Indonesia, kuwa mashamba ya mpunga, ikachimba maelfu ya kilomita za mifereji. Mpunga haukustawi, lakini maji yaliondoka. Udongo ukakauka, na moto wa mwaka 1997 na ule wa 2015 ukatambaa chini kwa chini kwa wiki nyingi, pale ambapo ndoo ya maji haifiki.

Dawa yake ni kuziba mifereji kwa mabwawa ya mbao na viroba vya udongo. Huharibika kwa sababu mbili. Maji huzunguka kando ya bwawa na kuukata udongo laini, hasa tofauti ya kina kati ya juu na chini ikiwa kubwa. Ndiyo maana hujengwa mabwawa mengi madogo mfululizo badala ya moja refu. Na wavuvi hubomoa pasipoachwa njia ya mtumbwi.

Mayatima

Vituo vya kuwarudisha msituni vipo, vyote Borneo: Sepilok, Sabah, upande wa Malaysia, tangu 1964; Camp Leakey, Tanjung Puting, alikoanza mtafiti Biruté Galdikas mwaka 1971, akiwa ametumwa na Louis Leakey, yuleyule wa Kenya aliyempeleka Jane Goodall Gombe; na Nyaru Menteng tangu 1999.

Kazi huanza na karantini, kwa sababu kifua kikuu na homa ya ini vya binadamu huwapata. Kisha miaka ya shule msituni. Mlezi hupanda nao, huwaonyesha gome la kubandua na mchwa wa kufukunyua, na jioni hupinda matawi mbele yao. Wanaoshindwa hutambulika upesi: wanashuka chini, wanalala ardhini au kurudia viota vya wenzao, wanawafuata watu. Aliyezoea binadamu kupita kiasi haachiliwi, kwani ataingia kijijini. Wanaofaulu hupelekwa katika misitu isiyo na orangutanu wa porini, wasije wakawaambukiza.

Baada ya kuachiliwa, wafuatiliaji hufika chini ya kiota kabla ya mapambazuko, humfuata siku nzima wakiandika kila alichokula, na huondoka akishalala. Asubuhi wanaanza tena kwenye kiota hichohicho, kama alijenga.