Vibonde, Vigogo na Hesabu za Desemba: Dhana Potofu Kuhusu Ratiba za Futiboli ya Vyuo Marekani

Mtu aliyezoea ligi zetu akianza kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya Kimarekani, si soka) hukwama kwenye msimamo. Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila moja inakutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, pointi zinajumlishwa, bingwa anajulikana. Kule vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja kina mechi 12 tu za msimu wa kawaida. Pointi za msimamo hakuna, na tangu 1996 hata sare hakuna. Vyuo vimejigawa katika miungano inayoitwa konferensi, na kila konferensi ni kama ligi inayojitegemea. Kubwa ni nne: SEC, Big Ten (yenye vyuo 18, msiniulize), Big 12 (yenye 16) na ACC. Mechi nane au tisa huchezwa ndani ya konferensi. Zile tatu au nne zinazobaki chuo kinajitafutia wapinzani nje.

Ugomvi wote wa Desemba huanzia kwenye hizo tatu au nne, pale timu 12 za mtoano zinapotajwa na walioachwa wakaanza kulalamika kwamba fulani kaingia wakati "hajacheza na mtu". Mengi yanayosemwa hapo hayasimami.

"Mechi za nje ya konferensi ni za kirafiki"

Hapana. Haziingii kwenye msimamo wa konferensi, hilo ni kweli, na ndipo watu wanapopotea. Lakini kila ushindi na kila kichapo kinaandikwa kwenye rekodi ya msimu, na rekodi hiyo ndiyo inayopelekwa mezani siku ya kuchagua timu za mtoano.

"Konferensi ndiyo inayompangia mtu acheze na nani"

Ratiba ya ndani, ndiyo. Ya nje ni mkataba wa chuo na chuo, na wanaoushughulikia ni wakurugenzi wa michezo, mara nyingi miaka mingi kabla ya mechi. Alabama na Ohio State walitangaza mwaka 2020 kwamba watakutana 2027 na 2028. Vijana watakaocheza mechi hizo wengi wao walikuwa bado shule ya msingi.

Konferensi yenyewe huweka masharti tu. SEC, kwa mfano, tangu 2016 inataka kila chuo chake kicheze angalau mechi moja kwa msimu dhidi ya mpinzani kutoka konferensi kubwa nyingine, au dhidi ya Notre Dame, ambayo haina konferensi kabisa. Big Ten iliwahi kuwabana wanachama wake wasialike timu za daraja la pili, FCS, halafu baada ya muda mfupi ikalegeza kamba.

Hukumu hutolewa kwingine. Kuna kamati ya watu 13 inayochagua timu za mtoano, inakutana Grapevine, Texas, na ndani yake wamo wakurugenzi wa michezo walioko kazini na makocha wa zamani. Chuo anachokitumikia mjumbe kikianza kujadiliwa, mjumbe huyo anatoka nje ya chumba. Kwa hiyo ukimsikia kamishna wa konferensi anasifu ugumu wa ratiba za vyuo vyake, msikilize kama unavyomsikiliza wakili anayemtetea mteja.

"Ukicheza na jina kubwa, umecheza mechi ngumu"

Florida State walimaliza 2023 wakiwa hawajafungwa mpaka bingwa wa ACC anapatikana, mechi 13. Agosti 2024 orodha ya AP (kura ya waandishi wa habari ya kupanga timu 25 bora) ikawaweka nafasi ya 10 kabla mpira haujapigwa. Halafu msimu ukaanza. Septemba wakawaalika Memphis, wakawalipa dola milioni 1.3 kwa safari hiyo, wakafungwa 20–12 nyumbani kwao. Novemba walikwenda kwa Notre Dame wakachapwa 52–3. Mwisho wa msimu walikuwa na ushindi mara mbili na vichapo kumi.

Aliyepanga mechi ya Notre Dame na Florida State alikuwa anapanga kigogo. Alicholetewa ni kibonde. Hakukuwa na ujanja wala woga hapo, ni umri wa ratiba tu. Ndiyo maana orodha ya Agosti si kipimo cha ratiba ya mtu: ni ubashiri, na ushindi dhidi ya "namba 10" wa Septemba husomwa upya Desemba, namba hiyo ikiwa imeshayeyuka. Kamati nayo haitoi orodha yake ya kwanza mpaka msimu uwe umefika mbali.

"Kibonde ni ushindi wa bure"

Kwanza si wa bure, unalipiwa. Chuo kikubwa kinamlipa mdogo aje kufungwa, na mdogo anatumia fedha hizo kuendeshea michezo yake mingine mwaka mzima. Ni biashara ya wazi, na pande zote mbili zinajua nini kinatarajiwa.

Septemba 1, 2007, Michigan waliwalipa Appalachian State dola 400,000 waje Ann Arbor. Michigan walikuwa nafasi ya tano nchini. Wageni walitoka milimani North Carolina, timu ya FCS, na uwanjani kulikuwa na watu zaidi ya 109,000. Zikiwa zimebaki sekunde 26, Appalachian State wakapiga mpira kupita katikati ya nguzo, wakaongoza 34–32. Michigan wakarusha pasi ndefu, wakafika mahali ambapo mpigaji wao alihitaji yadi 37 tu kuwapa ushindi. Akapiga. Corey Lynch akachomoza kutoka pembeni, mpira ukamgonga, akauokota mwenyewe akaanza kukimbia nao kuelekea upande wa pili huku muda ukiisha. Uwanja ule mzima ukanyamaza, isipokuwa kona moja ndogo.

Michigan waliondolewa kabisa kwenye orodha ya timu 25 bora, kutoka nafasi ya tano. Ninachopenda zaidi katika kisa hiki ni kwamba "kibonde" huyo alikuwa bingwa wa daraja lake miaka miwili mfululizo, 2005 na 2006, na baadaye mwaka huo huo akaubeba tena. Timu nzuri ya daraja la pili inaweza kuwa ngumu kuliko timu mbovu ya daraja la kwanza, lakini kwenye karatasi ukimfunga hupati sifa yoyote, na akikufunga unachekwa maisha. Kama ni kamari, ni kamari mbaya.

Notre Dame wanaijua. Septemba 2024 waliwalipa Northern Illinois dola milioni 1.4, wakafungwa 16–14 nyumbani.

"Kichapo cha nje ya konferensi kinakuua"

Hao hao Notre Dame wa 2024 walishinda mechi zao zote zilizobaki za msimu wa kawaida, wakaingia mtoano, wakafika mpaka fainali ya taifa. Ohio State wa 2014 walifungwa na Virginia Tech 35–21 wakiwa nyumbani, Septemba. Desemba wakawatwanga Wisconsin 59–0 kwenye fainali ya Big Ten, wakapewa nafasi ya nne, ya mwisho (mtoano ulikuwa wa timu nne wakati huo), na wakatwaa ubingwa.

Dhana ya upande wa pili ina wafuasi wengi zaidi siku hizi: kwamba ukifungwa na kigogo, kamati inapaswa kukufutia kichapo hicho. Texas walikwenda Ohio State Agosti 30, 2025 wakapoteza 14–7. Walimaliza 9–3 (ushindi tisa, vichapo vitatu) wakaachwa nje, na hoja ikawa kwamba wasingeikubali mechi ile wangekuwa 10–2 na ndani ya mtoano. Inawezekana. Lakini walifungwa pia na Florida, timu iliyomaliza na ushindi mara nne. Alabama wa 2024 ni hivyo hivyo: walitetewa kama wahanga wa ratiba ngumu walipoachwa na 9–3, wakati nje ya konferensi walishinda zote nne, pamoja na Wisconsin ugenini 42–10. Kilichowaponza kilikuwa ndani: Vanderbilt, Tennessee, na kichapo cha 24–3 kwa Oklahoma.

Wakati mwingine mechi moja ya nje ndiyo inayokubeba. Cincinnati wa 2021 walitoka konferensi ndogo, na timu ya konferensi ndogo ilikuwa haijawahi kuingia mtoano hata mara moja. UCF walimaliza 2017 bila kufungwa wakaachwa. Cincinnati walikuwa na kitu ambacho UCF hawakuwa nacho: Oktoba walikwenda nyumbani kwa Notre Dame wakashinda 24–13. Na Desemba 2025, Miami na Notre Dame wakiwa 10–2 wote wawili wanagombea nafasi ya mwisho, mizani ilielemea upande wa Miami, waliomfunga mwenzake 27–24 siku ya mwisho ya Agosti.

"Ratiba laini ni dalili ya timu feki"

Indiana wa 2024 walicheza nje ya konferensi na FIU, Western Illinois na Charlotte. Walimaliza 11–1, wakaingia mtoano, Notre Dame wakawatoa mechi ya kwanza, na waliokuwa wakiwabeza wakajiona manabii. Mwaka uliofuata wakacheza na Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State. Laini vile vile kwenye karatasi. Wakashinda mechi 16 kati ya 16 na kuwa mabingwa wa taifa.

Ratiba laini haisemi kwamba timu ni mbovu. Inasema tu kwamba kwa mwezi wa kwanza hujui chochote kuihusu. Tofauti hiyo ndiyo kamati ilijaribu kuishika mwaka 2025 ilipoongeza kipimo kipya: pamoja na kuuliza ratiba ilikuwa ngumu kiasi gani, inauliza rekodi hii ina uzito gani kwa ratiba hii. Kumfunga mkali kunalipa sana, kufungwa naye kunaumiza kidogo. Kumfunga kibonde hakuongezi kitu cha maana, na kufungwa naye ni msiba.

"Konferensi ngumu utaijua kwa rekodi nzuri za timu zake"

Hii ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu hata wachambuzi wa televisheni huimeza.

Chukua kalamu. Konferensi ya timu 16, kila timu inacheza mechi nane za ndani. Kila mechi ya ndani ina mshindi mmoja na mshindwa mmoja, kwa hiyo ukijumlisha timu zote, nusu ni ushindi na nusu ni vichapo: mechi 64, ushindi 64, vichapo 64. Haijalishi ni konferensi ya miamba au ya watoto wa chekechea, jumla hiyo haibadiliki. Sasa kila timu ialike vibonde wanne na kuwafunga wote. Wastani wa kila timu unakuwa ushindi 8, vichapo 4. Ghafla kila mwanachama anajigamba kwamba amecheza na wapinzani nane wenye rekodi ya 8–4, na hakuna hata mmoja aliyemfunga mtu wa maana nje.

Jirani yake, konferensi nyingine ya timu 16 zenye uwezo ule ule, inacheza mechi tisa za ndani. Vichapo vya ndani vimekuwa 72. Vibonde ni watatu tu, nao wamefungwa wote. Wastani ni 7.5 kwa 4.5. Uwezo ni sawa na ubabe ni sawa, ila mmoja ana vichapo vinane vya ziada vya kugawana, na vichapo hivyo vitawaangukia watu.

Ndiyo maana nasema rekodi za ndani haziwezi kulinganisha konferensi mbili. Ni visiwa. Daraja pekee kati ya kisiwa na kisiwa ni zile mechi za nje zinazokutanisha wakubwa kwa wakubwa, na ni chache mno. Mfumo wa zamani wa BCS, uliochagua timu za fainali kabla ya mtoano na ulioanza 1998, kwa miaka sita ulijaribu kuziba pengo hilo kwa fomula: theluthi mbili rekodi za wapinzani wako, theluthi moja rekodi za wapinzani wa wapinzani wako. Hiyo theluthi ya pili iliwekwa ili kumkamata mjanja wa vibonde, na ilimkamata nusu nusu.

SEC walikaa kwenye mechi nane kwa miongo kadhaa, na mashabiki wa Big Ten, waliocheza tisa tangu 2016, hawakuacha kuwasema, hasa ile Jumamosi ya Novemba ambapo Alabama wanacheza na Mercer (52–7, mwaka 2024) wakati wengine wanauana. Agosti 2025 SEC wakatangaza kwamba kuanzia 2026 nao watacheza tisa, na sharti la kigogo mmoja wa nje libaki pale pale.

ACC wakafuata mwezi mmoja baadaye kwa tangazo kama hilo. Shida yao ni kwamba wako 17. Timu 17 mara mechi tisa ni 153, na kila mechi inahitaji timu mbili, kwa hiyo 153 haigawanyiki kwa mbili. Kila msimu lazima awepo angalau mmoja atakayebaki na nane.