Mtikisiko wa uchumi na mbio za magari

Mashabiki wengi wa mbio za magari hapa Arusha wamezoea kuamini kwamba mchezo huu, kwa kuwa ni wa matajiri, hauguswi na mtikisiko wa uchumi. Dhana hiyo si sahihi, kwani timu kubwa hutegemea wadhamini na viwanda vya magari, na mauzo yanaposhuka, bajeti ya mbio huwa miongoni mwa za kwanza kukatwa. Desemba 2008, wakati wa mtikisiko wa uchumi duniani, Honda ilijiondoa katika Formula 1, mashindano makubwa zaidi ya dunia ya mbio za magari, huku Subaru na Suzuki zikiacha ubingwa wa dunia wa rali. Mwaka 2009 BMW na Toyota nazo zikatangaza kuondoka Formula 1. Ajabu ni kwamba iliyokuwa timu ya Honda, baada ya kununuliwa na mkuu wake Ross Brawn na kufungwa injini za Mercedes, ilitwaa ubingwa wa 2009 licha ya kupunguza wafanyakazi. Dereva wa kwetu, anayelipia matairi kwa faida ya duka lake, akikosa mdhamini gari hubaki gereji.