Kazi ya mapokezi Mwanza si ya hotelini tu

Wahitimu wengi jijini Mwanza huamini kwamba kazi ya mapokezi iko hotelini tu, na kwamba sura na tabasamu vinatosha kumpatia mtu ajira. Si kweli. Wagonjwa wa rufaa hufika hospitali ya Bugando jijini humo kutoka Geita, Mara, Kagera na Simiyu, na kila hospitali huhitaji mtu wa dirishani anayefungua jalada, kuhakiki kadi ya bima, kutoa ankara na kumwelekeza mgonjwa aliyechoshwa na safari. Ofisi za mawakili na shule binafsi nazo huajiri, ingawa tangazo linaweza kusomeka “karani” au “msaidizi wa ofisi”, na asiyesoma majukumu hulipita. Kisukuma nacho, kwa maoni yangu, kinastahili kuandikwa kwenye wasifu, kwani wazee wengi wa vijijini hujieleza vizuri zaidi kwa lugha hiyo.