Je, wajua kwa nini kodi ya soda inaweza kumbadilisha mwenye kiwanda kabla ya mnywaji?

Kila Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti bungeni hapa Dodoma, wengi husubiri kusikia soda, bia na sigara zimepandishwa kiasi gani. Swali kubwa zaidi hupita bila kuulizwa: ushuru huo umepimwa kwa lita, kwa bei, au kwa sukari iliyomo? Hapo ndipo inapojulikana kama afya itaguswa au ni mapato tu yataongezeka.

Chukua chupa ya mililita 350. Soda ya kola ya kawaida ina karibu gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa nzima ina kama gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshavuka.

Tuseme inauzwa Sh 700 na ushuru wa bidhaa ni Sh 60 kwa lita. Kwa chupa hiyo ushuru ni Sh 21. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 hutozwa juu ya bei ambayo tayari imebeba ushuru, kwa hiyo mzigo unafika karibu Sh 25. Lakini dukani hakuna chenji ya Sh 25. Bei hupanda kwa 50 au 100. Mwenye duka ama ataimeza, na mnywaji hatahisi chochote, ama atapandisha 50 na nusu yake ibaki mfukoni mwake. WHO inapendekeza ushuru upandishe bei ya rejareja kwa angalau asilimia 20. Kwa chupa yetu hiyo ni Sh 140, maana yake ushuru wa kama Sh 340 kwa lita, VAT ikimalizia. Na usipopitiwa upya, mfumuko wa bei unautafuna: bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 10 ushuru uleule unabaki na uzito wa kama asilimia 61 tu.

Mexico ilianza Januari 2014 kwa peso 1 kwa lita, bei ikapanda kwa takriban asilimia 10 na manunuzi yakapungua. Hata hivyo, ushuru wa lita haumpi mwenye kiwanda sababu ya kupunguza sukari, kwa kuwa kinywaji chenye gramu 5 na chenye gramu 11 vinalipa sawa. Uingereza ilipima kwa njia nyingine. Kuanzia Aprili 2018, kinywaji chenye gramu 5 hadi chini ya 8 za sukari kwa mililita 100 kililipa peni 18 kwa lita. Kuanzia gramu 8, peni 24. Chini ya 5, hakuna. Mpango ulitangazwa Machi 2016, na katika miaka hiyo miwili viwanda vingi vilibadilisha mchanganyiko ili vishuke chini ya ngazi. Mtu alinywa chapa ileile akapata sukari kidogo. Afrika Kusini, Aprili hiyohiyo, ilitoza senti 2.1 kwa kila gramu inayozidi 4 kwa mililita 100, hivyo kila gramu inayopunguzwa ina faida yake, hata kama haivuki ngazi yoyote.

Nguvu hiyo ya kipimo tunayo mlangoni. Sheria yetu ya ushuru hutoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani kiwango cha chini kuliko mvinyo mwingine, na hiyo ni sababu nzuri ya kiwanda kununua zabibu za Hombolo au Chinangali badala ya mchuzi wa zabibu kutoka nje. Ni kodi nzuri kwa mkulima. Kwa ini la mnywaji haina tofauti, kwani haikupima kilevi.

Uvujaji upo pia. Ushuru hukusanywa kiwandani au bandarini, kwa hiyo juisi ya ubuyu au ukwaju inayopimwa kwa kikombe kando ya barabara haiguswi, hata ikiwa imejaa sukari. Soda ikipanda, baadhi ya wanywaji watahamia huko. Na penye maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za Dodoma, mtu anahitaji maji yasiyo na chumvi ya bei nafuu ndipo aiache soda.

Upande wa ruzuku, yaani kukifanya chakula bora kiwe nafuu, ni mgumu zaidi. Kufuta VAT kwenye matunda na mboga hakusaidii, kwa sababu mazao ambayo hayajasindikwa tayari yamesamehewa. Msamaha wenyewe si hakika ya bei kushuka: VAT ya taulo za kike ilifutwa mwaka wa fedha 2018/19, ikarudishwa 2019/20 kwa maelezo kwamba bei madukani haikupungua. Bei ya mchicha hapa mjini hubebwa na maji, usafiri na mboga zinazonyauka njiani, hasa kiangazi. Ruzuku ya pampu na mipira ya umwagiliaji wa matone ingefika karibu zaidi na genge.

Njia nyingine tunaijua tangu 2004: hati punguzo ya chandarua. Mama mjamzito alipewa kliniki, akaipeleka dukani, akaongezea tofauti kidogo. Hati ya mboga na matunda ingeweza kupita njia hiyohiyo, ila chandarua kinakaa dukani miezi na mchicha haulali siku mbili. Mwenye genge anazungusha mtaji wake kila alfajiri. Akisubiri wiki nne kurudishiwa fedha ya hati, atazikataa. Malipo yangelazimika kuingia kwenye simu yake siku hiyohiyo, kabla hajaenda sokoni kesho yake.