Mwanahistoria wa ukoloni hufanya nini hasa?

Wanafunzi huniuliza swali hilo kila mara. Nasoma barua za watu waliogombana. Ripoti za mwaka, zile zilizopambwa kwa ajili ya wakubwa, hazinipi mengi. Maafisa walipovutana ndipo yaliyofichwa yalipoandikwa.

Chukua mikataba ya Wamaasai na Waingereza nchini Kenya. Agosti 1904 viongozi wao waliweka alama zao kwenye mkataba uliowaondoa Bonde la Ufa, kando ya reli, wakaachiwa Laikipia na eneo la kusini maadamu kabila lao lingalipo. Muda si muda walowezi wakaanza kuimezea mate Laikipia nayo. Mwaka 1910 London ilisimamisha uhamisho wa kuwatoa huko kwa kuwa idhini ya Wamaasai haikuwepo, gavana Girouard akaanza kuitafuta, na Aprili 1911 mkataba wa pili ukapatikana. Inadaiwa Lenana, laiboni mkuu (yaani kiongozi wao wa kiroho), aliusia watu wake wahame kabla hajafa. Wosia huo tunao kupitia maafisa walionufaika nao, kwa hiyo nausoma kwa jicho la shaka.

Legalishu, kiongozi wa Purko, tawi mojawapo la Wamaasai, aliupinga uhamisho. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 majaji wakaitupa kesi: mikataba hii, walisema, ni mapatano baina ya mataifa, mahakama haina mamlaka nayo. Yaani Wamaasai walihesabiwa taifa pale tu hadhi hiyo ilipowakosesha ardhi! Bado hunitia hasira.

Majalada yako Nairobi, katika Nyaraka za Taifa, na Kew, Uingereza. Lakini bila Kimaasai huendi mbali, kwani wazee hawahesabu kwa kalenda bali kwa marika, na ni juu yako kujua rika lipi lilikuwa la morani wakati ng'ombe walipovushwa milima ya Mau katika uhamisho huo.

Mwaka 2004 Wamaasai waliandamana wakidai ardhi yao, kwamba miaka 99 ya mkataba wa 1904 imekwisha. Mkataba wa 1904 hauna miaka 99; hiyo ni ya sheria ya ardhi ya 1902, iliyohusu ukodishaji kwa walowezi. Kulisema hili mbele ya wazee si rahisi, maana unaonekana unaitetea serikali. Lakini maandishi yenyewe yanawapa zaidi ya wanachodai, kwa sababu hayakuweka kikomo chochote. Wakili atakayeifufua kesi hii nitamkabidhi ukurasa huo kwanza.